Mchezo Usio na Kaburi

Mimi ni Jicho. Jina jingine ninalo, mama yangu alikuwa akiniita nalo, lakini katika Jumba la Kupunguza hakuna anayelihitaji, na kisichohitajiwa humu hakikai sana. Kazi yangu ni kutazama. Mikono yangu imefungwa kwa kitambaa cheupe na kulazwa mapajani, hufunguliwa nikienda kula nyumbani au msalani tu. Kando yangu ameketi Mkono. Yeye amefungwa macho kwa kitambaa cheusi, na pedi ya kuchezea haimtoki vidoleni. Kila mchezo wa kwenye kioo unaotengenezwa katika mji wetu lazima tuucheze sisi kwanza, mimi nikiona, yeye akibonyeza. Nasema, "Kushoto. Ruka. Simama." Anatenda. Nikiona jambo lisilofaa nasema, "Hapo," naye anakata.

Waliotupanga hivi hawakuwa wajinga. Inasemekana zamani kazi hii ilifanywa na mtu mmoja mzima, mwenye macho na mikono yake, na watu wakamngoja barabarani wakamuuliza kwa nini. Alikosa jibu. Tangu tulipogawanywa hakuna wa kungojwa barabarani. Jicho litasema, mimi sikugusa kitu. Mkono utasema, mimi sikuona kitu. Na ubaya wake ni kwamba wote wawili tunasema kweli. Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kikauma. Mtu akigawanywa, hatia yake hubaki upande gani? Au humwagika sakafuni, mfagizi akaja akaizoa pamoja na makombo ya mkate? Nilimuuliza Mkono, ambaye nje ya jumba anaitwa Shaame na ni mtu wa maskhara, akaniambia, "Mwenzangu, wewe una macho, itafute. Ukiiona niite niishike."

Sikucheka. Huwa nacheka kesho yake, ila hatuna kesho.

Hili nalo nilieleze. Mji wetu una alasiri moja tu. Jicho aliyenitangulia aliona machweo katika mchezo fulani wa watoto, rangi yake ikamkumbusha bendera ya watu wasiotajwa, akasema, "Hapo." Yakakatwa. Tangu hapo jua limesimama juu ya mapaa ya soko la mbogamboga na haliendi popote. Ndivyo ilivyo kwetu, kinachokatwa mchezoni hupungua mjini, si chote wala si mara moja, lakini hupungua. Watu hulala wakichoka, hula wakisikia njaa, na umri humjia mtu vyovyote upendavyo. Mimi nilitoka nyumbani binti yangu akiwa na meno ya utoto, nikarudi kula nikamkuta ananyonyesha. Nikamwamkia mkwe wangu nisiyemjua, nikanawa, nikala, nikarudi kazini. Ningefanya nini?

Basi katika alasiri hiyo hiyo tuliletewa mchezo uliotengenezwa na mtu aitwaye Kidawa.

Ulikuwa mchezo wa ajabu kwa jinsi ulivyokosa ajabu. Hapakuwa na adui, bunduki wala alama za ushindi. Kulikuwa na mtaa wenye vibaraza, na mbele ya nyumba moja limewekwa jeneza. Nikasema, "Nenda mbele." Shaame akabonyeza. Nikasema, "Beba." Akabonyeza, jeneza halikuinuka. Akabonyeza tena kwa nguvu, halikuinuka. Tukakaa pale tumeduwaa mpaka nikaona mlango wa nyumba ya pili unafunguliwa, akatoka mtu anafuta mikono, kisha mwingine kwenye duka la vyerehani, kisha mwingine aliyekuwa ananyolewa na povu bado shavuni. Wakaja wakaingiza mabega bila kuuliza, kama watu wa kwetu tunavyofanya. Kwetu hukutani na jeneza ukaliacha lipite. Unaacha shughuli yako, unaingiza bega, unalibeba hatua zako chache, unapokewa, ndipo unamuuliza wa pembeni: ni nani huyu?

"Limeinuka," nikasema.

"Najua," akasema Shaame. Kitambaa cheusi kilikuwa kimelowa jasho. "Pedi imekuwa nzito. Mwenzangu, tunabeba nini?"

Si ruhusa kumwambia Mkono anachokifanya. Lakini alikuwa ameshaingiza bega, na aliyeingiza bega ana haki ya kuuliza.

"Maiti," nikamwambia. "Kijana. Sanda imefunuka usoni. Pua yake imekunjika kidogo, utadhani anataka kupiga chafya."

Vidole vya Shaame vikasimama.

"Nassibu," akasema.

Nassibu, kwa msomaji asiye wa mji wetu, alikuwa kaka yake Kidawa. Aliwahi kutengeneza mchezo mdogo kabisa. Mtukufu anahutubia taifa, wewe unabonyeza, Mtukufu anapiga chafya. Basi. Hakuna kingine. Unaweza kumpigisha chafya kwenye neno "umoja," unaweza kumpigisha kwenye neno "milele," na kila akichafya huomba radhi na kuanza hotuba upya. Mji mzima ulicheka, mpaka wagonjwa wakacheka wakashika mishono yao. Nassibu akaitwa kwa mazungumzo mafupi. Walisema mafupi. Hakurudi, wala mwili wake haukuletwa. Chafya ikakatwa, na tangu siku ile hakuna aliyechafya mjini petu, hata wauza pilipili.

Nilitazama lile jeneza likipokezwa bega hadi bega, na niseme wazi, niliogopa. Mchezo wa vita haunitishi. Damu ninaiona, nasema "hapo," inakatwa, nakunywa chai. Lakini huu haukuwa na mahali pa kusema "hapo." Kila nilipotazama niliona watu wanafanya jambo ambalo baba yangu alilifanya, na babu yake, na hata Mtukufu mwenyewe amelifanya akiwa bado ana jina. Ni kitu gani hiki, nikajiuliza, kinachokuwa halali barabarani na haramu kwenye kioo? Au tumeshaharamisha barabarani, ni vile tu hatujaambiwa?

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Mkuu.

Bwana Mkuu Makungu ni mtu mpole, ananukia udi, na mfukoni hakosi kashata. Hajawahi kutugombeza. Alisimama nyuma yangu akatafuna, akatazama.

"Kaburi mmeliona?" akauliza.

"Bado, Bwana Mkuu."

"Chezeni mpaka mlione. Nataka kujua kaburi kaliweka wapi."

Tukacheza. Jeneza likapita mtaa, likapita kiwanja cha mpira, likapita kiwanda cha sabuni kilichofungwa, likarudi kwenye mtaa. Nikasema kulia, tukapita njia nyingine, tukarudi. Ndevu za Shaame zilikuwa nyeusi tulipoanza, nikageuka nikaziona nyeupe, nikageuka tena zimekuwa nyeusi. Waliobeba walibadilishana, mwenye povu shavuni akapokewa na mwanawe, na mwanawe naye akapokewa. Kaburi hapana. Bwana Mkuu alikuwa akija, anauliza lile lile, anaondoka.

"Hakuna kaburi," hatimaye nikamwambia. "Barabara inazunguka tu. Hakulitengeneza."

Niliona mabega yake yakishuka, na pumzi ndefu ikamtoka. Akanipa kashata, akaniwekea mdomoni mwenyewe kwa kuwa mikono yangu ilifungwa. Sikujiuliza ni kwa nini mkuu wa jumba zima afarijike hivyo kwa kukosekana shimo la kuchora. Jicho hutazama linachoambiwa kutazama.

"Vizuri," akasema. "Basi mwondoeni maiti. Jeneza liacheni, jeneza ni useremala tu."

Nikasema, "Hapo."

Shaame hakubonyeza. Nikasema tena, polepole, "Hapo, Shaame," nikimwita jina lake kazini kwa mara ya kwanza. Nikasikia kidude kinabonyea. Watu wa ghala wakaja wakachukua kilichokatwa, kama kawaida yao, wakashuka nacho chini.

Mchezo ukatolewa mjini na jeneza tupu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Majeneza ya mji yakawa mepesi. Mtu akifa, jamaa wanamwosha, wanamvisha, wanamweka, na wakiinua hawasikii kitu begani. Maiti yumo, wanamwona, lakini hana uzito. Mwanzoni watu walisema afadhali. Baadaye wakaona kwamba hawawezi kulia. Waliobeba walikuwa wakitembea upesi mno, wanafika makaburini kabla dhikiri haijaisha, wanafukia, wanatazamana, wanarudi nyumbani na lile jambo bado limewakaa kooni. Wajane wakaanza kuweka mawe kwenye majeneza. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, anachagua mawe kando ya reli, anayapima mkononi moja moja na kuyatupa. Hakupata lililofaa.

Kidawa alikuja mlango wa mbele, ambao watu huuogopa, akiwa na mkeka mpya ameukunja kwapani. Nilikuwa nimekaa ngazini kwa mapumziko, Shaame ananilisha muhogo.

"Shikamoo, mjomba," akaniambia. Alikuwa msichana bado, au alikuwa mwanamke mtu mzima, alasiri yetu hairuhusu kujua.

"Marahaba. Unatafuta nani?"

"Nimekuja kuchukua maiti yangu."

Shaame akaushusha muhogo. Akaendelea kwa sauti ya mtu anayefuata nguo kwa dobi.

"Mmemtoa kwenye gemu. Sawa, ni kazi yenu. Lakini naambiwa hamchomi mnachokitoa, mnakiweka chini, isije Mtukufu akakihitaji. Basi yeye hamhitaji. Namhitaji mimi. Mkeka huu alishona marehemu mama kwa ajili yake, akafa anausubiri."

"Bi Kidawa," Shaame akasema, ameinua uso wake uliofungwa, "ile ni picha tu, bibi. Si yeye."

"Kama ni picha, mbona mliitoa?"

Nimesoma vitabu vingi kabla ya kuwa Jicho, nimebishana na watu wenye majoho juu ya kivuli na mwili, jina na kitu. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa maneno machache namna hii.

"Mimi ni mwanamke," Kidawa akasema. "Jeneza lake lingepita, ningebaki ndani na kina mama, nisikie tu sauti zinavyokwenda zikipungua. Ningeridhika. Halikupita. Nikakaa nikatengeneza mahali ambapo lingepita, na kila anayecheza apewe bega. Sikuweka mshindi. Sikumtukana mtu. Nilitaka abebwe. Na nyie mkaacha mbao."

Niliona haya, haya ya kweli, ile inayomshika mtu masikioni. Nikasimama.

"Shaame," nikasema, "simama. Mbele. Kulia. Ngazi ya kushuka."

Akatabasamu chini ya kile kitambaa, akatii, kama alivyozoea kunitii.

Ghala lilikuwa refu kuliko mji. Machweo yameegemezwa ukutani, yamefunikwa gunia, na ule wekundu ukipenya kwenye matundu ukatumulika miguuni. Mabusu yalikuwa kwenye makopo. Kulikuwa na lundo la mabango yasiyosomeka, mbwa mmoja aliyewahi kubweka kwenye wimbo wa taifa, na mahali fulani gizani ile chafya ya Mtukufu, ikijirudia yenyewe, "haa... haa... samahani," kila baada ya muda. Kidawa alipoisikia alifunika mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia.

Na kulikuwa na watu. Sikutegemea watu. Tumekata umati mara nyingi, mikutano, foleni, waandamanaji, mashabiki walioshangilia timu isiyotakiwa, na sikuwahi kujiuliza wanakwenda wapi. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wametulia, wakitutazama pasipo chuki wala matumaini.

Nassibu alikuwa kwenye meza ya mwisho. Kidawa akatandika mkeka. Kukawa na jeneza pale, hayo hayakosekani ghalani. Tulivyomweka sijui, nafikiri aliwekwa na Kidawa peke yake, kwa namna dada anavyoweza. Kisha tukasimama.

"Mjomba, shika," akasema.

Nikamwonyesha mikono yangu iliyofungwa. Nikamwonyesha macho ya Shaame. "Sisi hatuwezi, mwanangu. Huyu haoni, mimi sishiki. Ndivyo tulivyofanywa."

Kidawa alisogea karibu yangu. Halafu akanipiga kofi dogo begani, pale hasa.

"Na hili nani kalifunga?" akauliza.

Nimesema waliotugawa hawakuwa wajinga. Nasahihisha. Walichukua macho wakayaweka huku, wakachukua vidole wakaviweka kule, wakaondoka wamefurahi, na bega wakalisahau. Bega halioni wala halibonyezi. Bega halitungiwi sheria. Nikainama, nikaingiza langu chini ya mbao. Nikasikia Shaame anapapasa, anainama upande wa pili, anaguna. Kidawa akaingia mbele.

"Bibi," Shaame akaanza, "wanawake huwa hawa..."

"Wanaume wa kulibeba walikuja?"

Shaame akasogea akampa nafasi.

Halikuinuka. Uzito wote uliopungua mjini ulikuwa pale, wa yule kijana na wa kila aliyebebwa mtupu baada yake, na sisi tulikuwa watatu. Tuliinua mpaka miguu ikatetemeka. Nilitaka kusema basi. Ndipo benchi la karibu likalia, mtu mmoja akasimama, mzee wa foleni fulani tuliyoikata, akaja anafuta mikono. Hakuuliza. Nyuma yake akaja kijana mwenye jezi iliyokatazwa. Wakaja wengine. Kwetu hukutani na jeneza ukakaa, hata ukiwa umekatwa.

Likainuka.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mbao zikinikata ngozi, nakumbuka dhikiri ikianza chinichini kwa mtu mmoja nisiyemwona, na nakumbuka nikilia kwa sauti bila kuweza kujifuta, mikono ilikuwa bado imefungwa. Nilimlilia Nassibu, nikamlilia binti yangu aliyekua nikiwa kazini. Begani mwangu, kwa mara ya kwanza tangu niwe Jicho, nilikuwa mtu mmoja. Raha yake iliniogopesha kuliko uzito wenyewe. Nilijua mlangoni kuna nani.

Bwana Mkuu Makungu alikuwa amesimama katikati ya lango, mkono mmoja ameuinua, kashata kwenye mwingine.

"Simamisheni," akasema.

Jeneza zito halisimamishwi kwa neno. Lilikuwa linakwenda, na sisi chini yake tunakwenda nalo. Likamfikia. Ningependa kusema aliamua jambo, mema au mabaya, lakini nilikuwa karibu naye na sikuona uamuzi wowote usoni mwake. Niliona kashata ikianguka. Niliona mtoto wa watu wa kwetu, aliyefundishwa na baba yake kabla hajafundishwa kazi hii, akigeuka upande, akiinama, na kuingiza bega.

Alipewa nafasi mbele, kando ya Kidawa. Tukapita lango. Jua lilikuwa pale pale.

"Shikamoo, Bwana Mkuu," Kidawa akasema bila kumtazama.

"Marahaba," ikamtoka.

Kisha akashtuka. Nilimwona anavyojaribu kuchomoka, lakini uzito ulikuwa umeshamkalia, na nyuma yake hapakuwa na wa kumpokea. Sote tulikuwa tumebeba. Mtaani milango ilianza kufunguka.

"Tunakwenda wapi?" Shaame akaniuliza kwa sauti ndogo. "Niambie, mwenzangu. Kushoto, kulia, wapi?"

Sikujua. Mtaa, kiwanja, kiwanda cha sabuni, mtaa. Nikamuuliza Kidawa. "Mwanangu, kaburi liko wapi? Kwenye mchezo hukulitengeneza."

"Ningelitengenezaje, mjomba? Sijui alikozikwa."

Akageuza shingo kadiri mbao zilivyomruhusu. Uso wake na wa Bwana Mkuu zilikuwa zimetenganishwa na upana wa jeneza tu.

"Anayejua ni yeye," akasema. "Bwana Mkuu, tangulia."

Jasho lilikuwa linamtiririka Bwana Mkuu, udi wote umemwisha mwilini. Tulifika njia panda ya soko tukiwa bado tunamngoja aseme, na hakusema. Lakini jeneza, mbele, upande aliokuwa amelibeba yeye, likaanza taratibu kukunja kushoto.